Nimsomeeje baba yangu mbele ya jeneza lake?

*Shikamoo Mama Mshauri. Baba yetu alifariki wiki jana hapa Nakuru na tutamzika nyumbani Vihiga, Jumamosi ya wiki ijayo. Kwenye kikao cha matanga wazee wameamua kwamba mimi, binti wa tatu kati ya watoto saba, ndiye nitakayeandika historia yake na kuisoma. Baba alitengeneza baiskeli kando ya barabara kwa zaidi ya miaka 40 na kutusomesha kwa pesa hizo. Watu wengi mno walimjua na kumpenda. Baba mdogo ameshaniletea karatasi aliyoandika: "marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na mwenye bidii." Kila nikiisoma simwoni baba mle. Halafu kuna mambo yanayonikosesha usingizi. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1952, lakini shangazi, dada yake mkubwa, anasema ni 1949. Kuna miaka alikunywa sana, hadi alipookoka 2009. Na kuna kijana wa miaka 19 kule Kisumu ambaye baba alimzaa nje. Mama anamjua, na baba alimlipia karo, lakini kaka zangu wamesema jina lake lisiguse karatasi. Juu ya hayo yote, mimi hulia upesi. Nifanyeje? — Binti wa Fundi, Nakuru*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Karatasi ya baba mdogo usiitupe wala usibishane naye juu yake. Mshukuru, uiweke kando. Maneno yale yameshasomwa kwenye mazishi mengi kiasi kwamba ukibadilisha jina la marehemu hakuna atakayeshtuka. Shuleni mtoto hufundishwa kwamba kazi uliyopewa ni ya kumsifu aliyefariki. Wewe fanya kazi ya kumwonyesha. Sifa watazitoa walioketi chini ya hema, na zikitoka kwao zinakuwa na uzito kuliko zikitoka kwako.

Chukua ufundi wake. Tyubu ikipasuka, fundi huijaza upepo, huizamisha kwenye karai la maji na kuizungusha polepole mpaka viputo vitokee. Huweka alama palipotoboka, huikausha, husugua kwa msasa, hupaka solusheni, kisha hungoja ikauke kidogo ndipo abandike kiraka. Hapo kwenye kungoja ndipo mafundi wanapotofautiana. Mwenye haraka hubandika solusheni ikiwa bado mbichi, na kesho kutwa kiraka kinabanduka mwenye baiskeli akiwa amepakia gunia. Sasa waulize waliomjua: baba yako alikuwa wa kungoja? Tyubu ikirudi ikivuja mahali pale pale, alitoza tena? Alipokuwa akinyoosha rimu, akikaza spoki moja na kulegeza ya pili, alikuwa akiimba, akinyamaza, au akisimulia? Majibu ya maswali hayo matatu yanakupa uvumilivu, uaminifu na tabia yake, bila wewe kuyataja hayo maneno hata mara moja.

Kati ya leo na Jumapili, keti na watu watano, usiku watu wakiwa wameota moto au mchana kazi zikiwa zimepungua: mama, shangazi, mtu aliyefanya kazi karibu naye barabarani, mmoja wa kanisani, na mjukuu anayejua kuongea. Usimwulize yeyote "alikuwa mtu wa namna gani," maana watakujibu kama karatasi ya baba mdogo. Uliza vitu vinavyoonekana. Aliketi juu ya nini akifanya kazi? Alikuita kwa jina gani? Akikasirika alifanya nini? Kitu gani hakupenda kiguswe? Mjukuu muulize guga, yaani babu, alikuwa akimpa nini mfukoni. Omba ruhusa urekodi kwa simu, kwa sababu usiku wa matanga kumbukumbu haina nguvu, nawe utakuwa unaitwa kila dakika kuhesabu sukari na viti. Kwa kila mtu dakika kumi na tano zinatosha. Ukitoka hapo utakuwa na visa kama ishirini. Chagua vitatu. Nasisitiza vitatu: ukisoma kumi, vinamezana na hakuna kinachobaki masikioni.

Kisa kimoja kikiandikwa vizuri kinaweza kuwa hivi (weka cha kwenu, huu ni mfano tu):

"Baba aliketi juu ya debe lililogeuzwa, karai la maji likiwa kushoto kwake. Kabla hatujaanza shule alituita mmoja mmoja tuhesabu viputo. Ukikosea, alizungusha tyubu tena bila kusema neno. Mimi nilijua kuhesabu hadi ishirini kabla sijamwona mwalimu."

Sentensi nne. Hakina neno "mpenda watoto", na hakilihitaji.

Sasa mwaka wa kuzaliwa. Usitafute mshindi kati ya kitambulisho na shangazi. Kitakachochapishwa kwenye kitabu cha mazishi kiwe cha kitambulisho, kwa sababu ndicho kitakachofuatwa kwenye kibali cha mazishi na cheti cha kifo, na karatasi hizo ndizo mama atakazobeba benki na kwingineko. Kukiwa na tarehe mbili zinazopingana, mjane ndiye hurudishwa kwenye foleni. Ukisoma unaweza kusema, "Kitambulisho kinasema 1952, dada yake anatuambia alikuja mapema kidogo." Watu watacheka, na shangazi ataridhika.

Lakini muulize shangazi kwa njia itakayokusaidia kupanga miaka mingine, maana wazee wa umri wake hukumbuka matukio kuliko tarehe. Mafuriko ya 1961, yale ya karibu na Uhuru, kaka yake alikuwa ameanza kuchunga ng'ombe? Bendera ilipopandishwa Desemba 1963 alikuwa darasa la ngapi? Alitahiriwa pamoja na nani, na hao wenzake wako hai? Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilimkuta Nakuru au nyumbani? Njaa ya 1984, alikuwa ameshaoa? Kwa kazi yake, mwaka wa kuuliza zaidi ni 2008: serikali iliondoa kodi ya pikipiki ndogo, na baada ya hapo bodaboda za baiskeli zikaanza kupungua mjini. Fundi wa baiskeli aliyeendelea hadi uzeeni alipita katikati ya badiliko hilo. Alijifunza pikipiki? Alikataa? Hicho ni kisa peke yake, na nakisia ndicho bora kuliko vyote utakavyopata.

Ukishapata miaka, ijumlishe. "Zaidi ya miaka 40" ni sentensi ambayo mtu fulani chini ya hema ataihesabu kwa vidole. Kama alianza 1979 na kuacha 2016, hiyo ni 37, nawe sema 37. Kisha hakikisha tarehe na majina yamefanana mahali pote: kitabu, bango la picha, tangazo, na msalaba. Msalaba ndio hukosewa zaidi, kwa sababu seremala huandikiwa tarehe kwa simu na mtu aliye safarini. Mtumie kwa ujumbe wa maandishi, umwombe picha kabla rangi haijakauka.

Kuhusu pombe, kuna kipimo ninachokiamini: kile ambacho marehemu mwenyewe alikisema hadharani, kinaweza kusemwa kwenye mazishi yake, kile alichokificha, kiache alikokiacha. Kama baba yako alisimama kanisani akatoa ushuhuda jinsi alivyoacha 2009, basi ushuhuda huo ni wake na una haki ya kusomwa. Kama aliacha kimyakimya, si wewe wa kuutangazia uwanja. Hata hivyo mwonyeshe mama sentensi hizo kwanza, yeye peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifungua mlango usiku. Sentensi mbili zinatosha: "Kuna miaka ambayo tulimngoja hadi usiku. Mwaka 2009 aliacha, na tangu hapo tulikula chakula cha jioni pamoja naye." Usiingie kwenye nani alipigwa wala nini kiliuzwa. Lakini pia usiandike "maisha yake yote alikuwa mfano mwema," kwa sababu waliokunywa naye watakuwa pale na mmoja wao ataguna.

Ugonjwa wa mwisho nao usizidi sentensi mbili. Watu wengi hupoteza nusu ya muda wakitaja hospitali hii na ile, vipimo, na nani alichelewa. Hayo yana mahali pake, na mbele ya jeneza si mahali pake.

Nimechelewesha lile la kijana wa Kisumu kwa sababu ndilo zito. Jibu langu ni kwamba jina lake lisomwe.

Kaka zako wanaogopa shamba, ingawa watasema wanamlinda mama. Waambie hivi kwa upole: kitabu cha mazishi hakigawi shamba. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 29, inawahesabu watoto wote wa marehemu kuwa wategemezi wake, iwe alikuwa akiwatunza hadi siku za mwisho au la. Mkimwacha nje ya kitabu, haki yake haipungui hata kidogo. Mkienda mahakamani kwa mirathi mtahitaji barua ya chifu yenye majina ya warithi, na chifu wenu huenda anamjua huyo kijana. Vitabu vya mazishi pia huletwa mahakamani kama ushahidi wa nani alitambuliwa na nani alifichwa. Tena aliyefichwa hakai kimya sikuzote. Wajomba zake wanaweza kuja kusimama katikati ya ibada na kuomba maiki, au wakatafuta amri ya mahakama kusimamisha mazishi. Ugomvi wa haki juu ya maiti ulimweka wakili S. M. Otieno mochari tangu Desemba 1986, hadi alipozikwa Nyalgunga kule Siaya Mei 1987, na Kenya nzima ikisoma habari za nyumba yake gazetini. Mjane wake na ukoo wake waligombania mahali pa kaburi, lakini moto wa namna hii huanza na mtu mmoja anayehisi amesukumwa nje ya boma.

Njia ya kupita ni hii. Anza na mama, mkiwa wawili, mchana, si usiku wa mkesha. Usimwulize "tumwandike?" kana kwamba unaomba ruhusa ya kosa. Mwambie baba alimlipia karo, na umwulize angependa jina lisomwe vipi. Akikubali, nenda kwa kaka mkubwa pamoja na baba mdogo, mama akiwapo. Neno la mama hapo lina nguvu kuliko hoja zako zote za sheria. Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kule mtu aliye mbali, asiyejua lolote, atatuma ujumbe mmoja wa hasira na mtapoteza siku tatu.

Kwenye karatasi, watoto waandikwe kwa umri, kuanzia mkubwa, bila vichwa vidogo, bila "wa nje", bila kutaja mama zao. Yeye atakuwa wa nane, mstari mmoja kama wengine. Kama mama atakataa kabisa, heshimu neno lake, lakini basi usiandike wala kusoma idadi. "Ameacha mjane, watoto na wajukuu" ni kweli. "Ameacha watoto saba" ni uongo, tena utausema wewe, kwa sauti yako, mbele ya jeneza lake.

Urefu. Kwa kasi ya matanga, yaani kwa maiki, na watu wakiitikia, hesabu maneno mia moja kwa dakika. Dakika saba ni maneno mia saba. Mpangilio wa watu wa kwenu unajulikana na usiuchezee: wazazi wake na ukoo kwanza (wazee wa Kimaragoli hawatatulia mpaka wasikie kama ni wa ukoo wa Kizungu, Mavi, Saali au Kirima), ndugu zake, shule, kazi, ndoa, watoto na wakwe, imani, na kifo chake. Hayo yote yabane kwenye maneno mia tatu. Mia nne zinazobaki ni za visa vyako vitatu na ile habari ya 2009. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana watu hutoka wakimjua babu wa marehemu kuliko marehemu. Andika Kiswahili, lakini kama kuna kitu alichozoea kusema kwa Kilogooli, lugha ya Wamaragoli, kiseme kwa Kilogooli na usikitafsiri. Wanaohitaji kukisikia watakisikia.

Kitabu kichapishwe kwa saizi ya A5, yaani karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, na kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne: 8, 12 au 16. Ukimpelekea mchapishaji kurasa 10 atakuachia mbili tupu au atakubania maandishi mpaka wazee wasiweze kuyasoma. Maneno mia saba hujaza kama kurasa tatu. Picha ya jalada isikuzwe kutoka kwenye kitambulisho, sura itatoka kama imeoshwa. Tafuta ya karatasi, itoe kwenye fremu yenye kioo, uiskani kwa 300 dpi au uipige nje kivulini, bila mwanga wa kamera. Ukimtumia mchapishaji kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Mpelekee kazi Jumanne. Jumatano omba nakala moja tu ya mfano, na mtu asiyekuwa wewe amsomee mama majina yote kwa sauti, hasa ya wakwe na wajukuu. Jicho la aliyeandika huruka kosa lake. Mkwe aliyeandikwa jina la mke aliyetangulia ni jambo linalokumbukwa miaka.

Kuhusu kulia: utalia, na hakuna atakayekulaumu. Tunachotaka ni usikwame. Chapisha nakala ya kusoma kwa herufi za saizi 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba, na kila ukurasa uishe sentensi inapoisha. Iweke kwenye faili ngumu, kwa sababu upepo wa uwanjani huchukua karatasi. Soma kwa sauti kila jioni kuanzia Jumatatu. Sauti itakukatika mahali pale pale, na hiyo ni faida: weka alama ya kalamu hapo, fupisha sentensi hiyo, na uifanye ianze mstari mpya ili uvute pumzi kabla yake. Usiiache sentensi nzito kuliko zote iwe ya mwisho. Ukisoma, tazama nguzo ya hema iliyo mbali, usitazame jeneza wala mama. Maiki iwe umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Maji ya vuguvugu ni bora kuliko soda. Na mmoja wa ndugu zako asimame bega kwa bega nawe akiwa na nakala yake, akifuata kwa kidole. Ukishindwa, mguse mkono, naye aendelee kutoka neno ulipoachia. Watu wetu wakikuona umenyamaza wataanzisha wimbo. Waache waimbe ubeti mmoja, usishindane nao.

Ongea na emsii siku ya Ijumaa. Mwambie historia isomwe kabla ya hotuba za wageni, na iandikwe hivyo kwenye ratiba. Wanasiasa wakishaishika maiki, mchungaji ataanza kutazama saa na utasikia, "historia mtajisomea kwenye kitabu."

Mama akishakubali, mpigie kijana wa Kisumu wewe mwenyewe, usimtume mtu. Muulize majina yake matatu yanavyoandikwa, na kama ana picha yoyote aliyopiga na baba. Muulize pia kama ana nauli. Matatu za Kisumu kwenda Kakamega zinapita Kiboswa, Majengo na Mbale, kwa hiyo mwambie asingoje Jumamosi. Aje Ijumaa mchana, kabla mwili haujafika kutoka Nakuru, ili awe amesimama langoni na nyinyi gari likiingia.